Unaenda TP na Bado Una Kazi ya Jioni? Soma Hapa Kwanza

Juzi nilipokea ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa mwaka wa tatu anayesomea ualimu hapa Nairobi. Mchana yuko darasani, jioni anahudumu katika duka la M-Pesa kule Zimmerman, na muhula ujao anaenda TP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni. Kazi hawezi kuiacha kwa sababu ndiyo inayomlipia kodi ya nyumba. Chuo nacho hakimngoji mtu. Marafiki zake wameanza kunung'unika kwamba siku hizi haonekani. Akamaliza kwa kuniuliza, "Dada, wewe uliwezaje?"

Nilimpigia simu tukaongea, lakini najua mko wengi mnaouliza hilo hilo, kwa hiyo nimeona niliandike. TP yangu niliifanya muhula wa pili mwaka 2025, nikifundisha Kiswahili na Historia katika shule moja ya kutwa upande wa Kasarani. Faili langu lilirudi na alama ambazo nazionea fahari hadi leo, na kazi yangu ya jioni katika saiba, duka la huduma za mtandao na fotokopi, sikuiacha hata wiki moja. Wapo walioniambia haiwezekani. Baadhi yao walikuwa marafiki zangu, na nitafika kwao.

Kwanza, TP hailipwi. Unafundisha muhula mzima, unashika zamu, unasahihisha, na mwisho wa mwezi hakuna kinachoingia kwenye simu. Shule yenye utu itakupa chai ya saa nne na githeri mchana. Nauli ni yako, karatasi za manila ni zako, kalamu za kuchorea chati ni zako, na mvua ikinyesha makanga wanapandisha nauli bila kukuuliza kama wewe ni mwalimu wa mazoezi. Kwa hiyo anayekushauri uache kazi ili uzingatie masomo, mshukuru, kisha mwulize ni nani atakayemlipa mwenye nyumba.

Saiba niliyofanyia kazi iko Githurai, si mbali na steji. Zamu yangu ilianza saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku, na Jumamosi nzima. Kutoka shuleni ilikuwa matatu mbili na foleni. Ukipiga hesabu ya muda huo utaona hakuna pengo la kuandalia somo usiku. Nikifika nyumbani ni kuoga, kula na kulala, kwa sababu saa kumi na moja alfajiri lazima niwe macho.

Ndiyo maana sheria yangu ilikuwa moja tu, na hiyo moja ndiyo iliyobeba nyingine zote: andalio la somo la kesho liishe kabla sijatoka kwenye lango la shule. Vipindi vikiisha, wanafunzi wakienda michezoni na walimu wengi wakiwa uwanjani au wameshaondoka, majilisi, yaani chumba cha walimu, inakuwa kimya. Hapo nilikuwa nakaa kwenye meza ya pembeni, nafungua azimio la kazi, ule mpango wa mada za muhula, nione mada inayofuata, naandika shabaha, nyenzo na hatua za somo, nagawa zile dakika arobaini. Halafu najaza sehemu ya maoni ya somo la siku hiyo hiyo wakati bado nakumbuka. Sikuandika "somo lilieleweka", maana maneno hayo hayamsaidii mtu. Niliandika kwa mfano kwamba kidato cha pili wanachanganya U-I na U-ZI, kwamba zaidi ya nusu walisema wingi wa ukuta ni "makuta", na kwamba kesho nianzie hapo kabla ya kuendelea. Mhadhiri aliyekuja kunikagua alisoma sehemu hiyo ya maoni kwa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote ya faili.

Nikiwataja hao kidato cha pili moyo unanisisimka. Ndio waliofanya KCPE ya mwisho, ule mtihani wa darasa la nane, mwaka 2023, na nyuma yao hakuna tena kidato cha kwanza cha mfumo wa zamani wa 8-4-4. Wanajua wao ni wa mwisho, na wapo wanaoogopa kwamba wakianguka hakuna darasa la kurudia. Watoto wa namna hiyo huwezi kuwaingilia na somo uliloliandika ndani ya matatu ukiwa umesimama. Watakugundua, na wana haki ya kukasirika.

Sasa kuna jambo lililonikera na bado linanikera. Mwalimu wa somo niliyepewa alinikaribisha vizuri, na wiki iliyofuata akanikabidhi vipindi vyake vyote pamoja na vya mwenzake aliyekuwa likizo ya uzazi. Nilimfuata nikamwambia, "Mwalimu, naomba tuangalie ratiba, vipindi hivi vimezidi nilivyotumwa na chuo." Akanijibu mbele ya walimu wengine, "Nyinyi huja huku kujifunza ama kupumzika?" Wengine wakacheka. Nilinyamaza, lakini sikunyamazia. Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa mkuu wa idara na barua yangu ya chuo mkononi, nikaeleza kwa adabu bila kumsema mtu. Vipindi vya ziada viliondolewa. Yule mwalimu hakunisalimu mpaka muhula ukaisha, na mimi niliendelea kumwamkia kila asubuhi.

Namwambia yule dada na wewe unayesoma: sema mapema. Sema wiki ya kwanza au ya pili, kabla mzigo haujageuka kuwa desturi. Ukiukubali kwa mwezi mzima, siku utakayoukataa utaitwa mvivu. Na useme kwa wahusika, kwa heshima, ukiwa na karatasi. Kulalamika kwenye kikundi cha WhatsApp cha wanachuo hakujawahi kumpunguzia mtu kipindi.

Kwa bosi wa saiba nilifanya vivyo hivyo. Kabla muhula haujafunguliwa nilimwonyesha tarehe za TP na kumwambia siku ambazo nitachelewa. Alikubali, ila akaniwekea sharti moja: mwezi wa Juni nisikose. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye saiba Nairobi anajua sababu. Mwisho wa kuwasilisha ritani za kodi, zile taarifa za mapato zinazotumwa mtandaoni, ni tarehe 30 Juni, na nusu ya mtaa hukumbuka siku hiyo hiyo.

Mwaka huo tarehe 30 iliangukia Jumatatu. Nilitoka shuleni nikaikuta foleni imetoka nje ya mlango na kufika kwa muuza viazi. Mmoja amesahau nywila, mwingine P9 yake, ile fomu ya mshahara na kodi kutoka kwa mwajiri, iko kwenye simu iliyozima chaji, mama mmoja hana kazi lakini ameambiwa lazima awasilishe ritani ya sufuri, kijana wa boda anauliza kama atafungwa. Mtandao unakwama, unarudi, unakwama tena. Na mimi kesho yake asubuhi nilikuwa na kipindi cha ngeli na kidato cha pili, andalio limekamilika tangu saa kumi jioni, isipokuwa chati. Chati ya ngeli haichorwi kwenye paja.

Hapo ndipo alipoingia rafiki yangu mmoja anayesomea uuguzi. Alikuwa amenipigia simu mchana kuuliza kama tunaweza kuonana, nami nikamwambia ukweli kwamba nafasi sina, labda aje kazini. Akaja. Alivuta kiti nyuma ya mashine ya fotokopi, akatandika manila juu ya katoni za karatasi, akaniuliza nataka mistari mingapi. Nikawa nawahudumia wateja huku namsomea: A-WA, KI-VI, LI-YA, U-I, U-ZI. Aliandika kwa mwandiko wake wa kunyooka, umoja kwa rangi ya buluu, wingi kwa nyekundu, na mahali pa "kuta" akalizungushia duara kwa sababu nilikuwa nimemsimulia habari za makuta. Kati ya mteja na mteja tulizungumza mambo yetu. Aliniambia kuhusu wodi anayofanyia mazoezi, kuhusu mgonjwa aliyempa jina la bintiye. Tulicheka sana usiku ule. Alipoondoka vidole vyake vilikuwa vimejaa wino, na mimi nilikuwa nimeonana na rafiki yangu, nimefanya kazi na nimepata chati, vyote ndani ya zamu moja.

Asubuhi mhadhiri akatokea bila taarifa, kama wanavyofanya. Aliketi dawati la nyuma kabisa. Chati ikaning'inia ubaoni, na msichana mmoja ambaye huwa hafungui kinywa akainua mkono akasema, "Ukuta, kuta, mwalimu." Darasa likampigia makofi bila mimi kuwaambia.

Hilo ndilo ninalotaka mlishike kuhusu marafiki. Ukingoja upate muda wa bure ndipo uwaone, hutawaona, maana mwalimu wa TP mwenye kazi ya jioni hana muda wa bure. Wape nafasi ndani ya mambo unayoyafanya tayari. Mwambie rafiki aje saibani, aje mpande matatu moja, aje Jumapili mkafue pamoja huku chapati zikipikwa. Anayekupenda atakuja.

Na asiyekuja utamjua. Mimi nilikuwa na kikundi cha wasichana tulioanza chuo pamoja. Mwaka wa kwanza tulikula chapati madondo sahani moja, tukalala chumba kimoja hostelini, tukaazimana viatu vya kwenda kanisani. Nilipoanza TP niliwaomba lile lile nililomwomba huyu wa uuguzi: njooni kazini, hata kwa nusu saa. Hakuja hata mmoja. Badala yake nikaanza kuitwa "Madamu wa Saiba". Siku moja nikaona picha zao wako msitu wa Karura, wamevaa fulana za rangi moja, wanasherehekea siku ya kuzaliwa ya mmoja wetu. Fulana hizo lazima zilipangwa wiki kadhaa kabla. Hakuna aliyeniambia. Nilipouliza nikajibiwa, "Tulijua utasema uko kazini."

Huenda ningesema niko kazini. Lakini kualikwa ni haki ya rafiki hata kama hatakuja, na uamuzi wa kukataa ulikuwa wangu, si wao. Miezi imepita na bado sijaona sababu ya kulibadilisha neno hilo. Vijana wenzangu, mtu anayekukumbuka siku za raha tu na kukuacha siku unazotafuta riziki, mweke mahali pake. Usimchukie, msalimu mkikutana, lakini usijilaumu kwa ajili yake na usikeshe ukimwandikia maelezo marefu ya kujitetea. Wewe unalipa kodi ya nyumba. Wewe unasimama mbele ya watoto wa watu. Huna deni la kumwomba mtu msamaha kwa kufanya kazi halali, na anayekutaka uombe msamaha huo hakutakii mema.

Upande wa chuo sina mengi. Wakati wa TP hakuna mihadhara, lakini mradi wa utafiti unaendelea kukusubiri na msimamizi anataka rasimu. Mimi nilitumia Jumamosi asubuhi, saiba ikiwa bado tupu, na ile Jumatatu ya Saba Saba, tarehe 7 Julai, barabara za kuingia mjini zilipofungwa kwa sababu ya maandamano, nikakaa ndani nikamaliza sura nzima. Usijidanganye kwamba utaandika kila usiku. Hutaandika.

Kulala ni jambo jingine ninalolisema kwa ukali. Sauti ya mwalimu ni mtaji wake. Niliwaona wenzangu wa TP wanakesha na faili, asubuhi wanafika koo limekauka, wanafundisha kwa kunong'ona na kuwapa wanafunzi kazi ya kunakili ili kipindi kipite. Watoto wale walitoka nyumbani na nauli ya mzazi anayehangaika. Kama huwezi kulala kwa muda wa saa sita, punguza kitu kingine, na kitu cha kwanza kupunguza ni kuandika usiku kile ambacho ungekiandika majilisi saa kumi jioni. Narudia hilo kwa makusudi. Andalio liishe shuleni.

Tukirudi kwa dada yetu wa Zimmerman, aliniuliza pia kama akubali kazi nyingine aliyopewa, ya kumfundisha mtoto wa Gredi ya 6 nyumbani kwao Kilimani siku za Jumamosi, kwa kuwa inalipa kuliko duka. Nilimwambia aichukue akipata wa kushika duka siku hiyo, kwa sababu ni kazi ya ualimu na mtoto wa Gredi ya 6 atamfundisha subira. Ila akubaliane na mzazi kabla hajaanza: saa ngapi anaingia, saa ngapi anatoka, atalipwa kwa wiki au kwa mwezi, na mtoto akisafiri malipo yatakuwaje. Na kutoka Zimmerman hadi Kilimani ni lazima apitie mjini abadilishe gari, kwa hiyo nauli ya kwenda na kurudi aitaje kando ya malipo, siku ya kwanza, kabla ya kunywa chai ya watu.