Taksido ya harusi: kitambaa kwanza, picha za Instagram baadaye

Jamaa akikaribia kuoa na akanitafuta kwa habari ya nguo, cha kwanza ananirushia picha. Mwanamitindo mwembamba kama fito, kasimama kwenye ngazi za jumba la kifahari huko Italia, koti limembana kama limechorwa mwilini, halafu chini kuna swali: kaka hii naipata wapi hapa Dar? Kupata utapata tu, Kariakoo haishindwi kitu. Ila mi huwa namjibu kwa swali lingine, ibada saa ngapi na ukumbini mnaingia saa ngapi. Wengi wanashangaa, wanaona nimehama mada.

Sijahama. Angalia ratiba zetu. Harusi nyingi za kanisani hapa Dar zinaanza saa nane au saa tisa mchana, mkitoka hapo msafara na matarumbeta, mnaenda kupiga picha ufukweni jua bado linawaka, ukumbini mnaingia saa mbili usiku kama mmebahatika, na kutoka ni saa sita. Hayo ni masaa tisa mpaka kumi ndani ya koti, kwenye mji ambao mwezi wa kwanza hata ukisimama kivulini shati linaloa mgongoni. Yule wa kwenye picha alivaa dakika ishirini akavua, na huko kwao kulikuwa na baridi. Kwa hiyo kola iweje, rangi gani, kifungo kimoja au viwili, hayo yote ni muhimu lakini yanakuja baada ya kujua utakuwa wapi na muda gani.

Na kuna jambo watu hawalijui, taksido, yaani ile suti yenye satini kwenye kola, ni nguo ya usiku. Waingereza walianza kulivaa koti la namna hii miaka ya 1860 kwa ajili ya chakula cha usiku wakiwa wenyewe kwa wenyewe, wamechoka na yale makoti ya mikia, halafu Wamarekani wakalidaka, na jina limebaki la Tuxedo Park, kijiji cha matajiri huko jimbo la New York kilichofunguliwa mwaka 1886. Ile satini ya kwenye kola kazi yake ni kushika mwanga wa taa. Ukiipeleka juani saa tisa mchana inang'aa vibaya, inaonekana nguo ya msanii anayeenda kupafomu. Mimi mwenyewe kanisani nilivaa suti ya kawaida ya bluu, taksido nikaivaa jioni wakati mwenzangu anarekebishwa saluni, na sijawahi kusikia mtu akilalamika. Ndugu zangu Waislamu wa pwani hili kwao lilishakaa sawa zamani, kwenye ndoa ni kanzu, joho na kilemba, taksido inaingia kama kuna sherehe ya usiku tu. Kama bajeti inaruhusu nguo moja na lazima iwe taksido toka kanisani, sawa, vaa, lakini basi kitambaa ndo usikifanyie mchezo.

Sasa tuongee kitambaa maana hapa ndo pesa inapotea. Taksido nyingi za bei rahisi ni poliesta tupu, koti, satini, na bitana ya ndani pia. Poliesta haipitishi hewa, jasho linabaki na wewe humo humo, na kwenye flashi ya kamera inatoa mng'ao fulani wa plastiki hivi ambao mpiga picha hata akihangaika kuuondoa hauondoki. Unachotafuta ni sufu nyepesi. Najua mtu akisikia sufu anawaza sweta la Makambako, lakini sufu ya suti ni kitu kingine kabisa, uzi wake ni mwembamba umesokotwa sana, ukikiinua kitambaa kwenye dirisha unaona mwanga unapenya. Ukipata chenye uzito wa gramu kama 220 hadi 260 kwa mita umefika, hata Februari utakiweza. Kikiwa kimechanganywa na mohea, yale manyoya ya mbuzi ambayo Afrika Kusini ndo inaongoza duniani kwa kuyazalisha, ni kizuri zaidi kwa taksido kwa sababu hakikunjiki ovyo na kina mng'ao wa kistaarabu. Bei iko juu, sikudanganyi, ila bora koti moja la sufu kuliko mawili ya kuchemkia.

Wauzaji wa jora watakuambia kila kitu ni sufu. Omba nyuzi mbili tatu za pembeni, toka nazo nje, ziwashie kiberiti. Sufu inanuka nywele zilizoungua na inabaki majivu unayoyasaga kwa vidole. Poliesta inayeyuka, inaacha kitonge kigumu cheusi. Ikiwa mchanganyiko utaona vyote viwili, hapo muulize asilimia na umtazame usoni. Muuzaji anayekataa kukupa nyuzi, aisee, ameshakujibu.

Na bitana mwambie fundi asiizungushe koti zima. Mgongoni aweke nusu, ile ya juu ya mabega tu, na iwe viskosi, kile kitambaa laini kinachopitisha hewa, siyo poliesta, maana unaweza kununua sufu nzuri halafu ukaivisha plastiki kwa ndani ukawa umefanya kazi bure. Mafundi wengi hawapendi kwa sababu bitana nzima inaficha mishono, ukiweka nusu inabidi washone vizuri na kwa ndani. Kitu kingine ni kile kinachosimamisha kifua cha koti. Rahisi ni gundi ya pasi, na kwa unyevu wa hapa ukichanganya na drai klina mara mbili tatu, kifua kinaanza kutoa malengelenge. Kizuri ni kanvasi iliyoshonwa. Kama unanunua dukani pima hivi, shika kitambaa cha kifuani karibu na kifungo, nje kwa kidole kimoja na ndani kwa kingine, vuta taratibu vitengane. Ukisikia kuna kitambaa cha tatu katikati kinaelea, hiyo ni kanvasi. Usiposikia kitu ni gundi, siyo mwisho wa dunia, ila usilipie bei ya kanvasi.

Rangi. Nyeusi inakubalika kila mahali lakini nyeusi ya bei rahisi ina siri yake, chini ya taa za ukumbini inageuka kijivu au inakuwa kama na ukijani kwa mbali. Ndo maana mi napenda ile bluu ya usiku, bluu iliyokolea mpaka mchana watu wanabishana kama ni nyeusi, usiku kwenye taa inaonekana nyeusi kuliko nyeusi yenyewe. Aliyeipa umaarufu ni Edward, yule mfalme wa Uingereza aliyeachia kiti mwaka 1936 ili amuoe mwanamke aliyempenda, kwa hiyo hata kwa historia ni rangi ya harusi hahaha.

Koti jeupe la maziwa na suruali nyeusi nalo ni zuri sana kwenye ngozi zetu, na ndo koti la watu wa nchi za joto toka enzi za miaka ya 1930, ila kuna masharti. Kola isiwe ya satini nyeusi ya kushtua, iwe kitambaa kile kile cha koti. Na kabla hujalipia nenda na kipande cha shela la mwenzio, au akutumie dada yake na kipande. Kama shela ni jeupe pee, koti la maziwa likisimama pembeni yake linaonekana limefubaa, yaani kama halijafuliwa vizuri, na picha hizo mtakaa nazo ukutani maisha yenu yote. Damu ya mzee na kijani iliyokolea ndo fasheni ya sasa, sina ugomvi nazo, ila ziwe kwenye koti tu, suruali ibaki nyeusi. Velveti iache kwa wanaooa Arusha, Lushoto au Njombe mwezi wa saba. Mtu wa Dar kuvaa velveti Desemba ni kujitafutia kuzimia mbele ya wakwe.

Kola nitapita haraka. Ile iliyochongoka kwenda juu inapanua mabega, inamfaa mwembamba na mfupi pia. Ile ya mviringo isiyo na mkato ni laini zaidi, inakaa vizuri kwenye koti jeupe, mnene wa tumbo awe nayo makini kidogo. Ile ya suti ya kawaida yenye mkato ipo kwenye taksido nyingi za madukani na haina tatizo, tatizo ni pale inapokuwa nyembamba kama utepe. Chukua ya upana wa wastani, hizo nyembamba miaka mitano ijayo zitakuchekesha. Kifungo kimoja kinatosha.

Kipimo ndo kitu ambacho watu wanakidharau. Kwa koti la dukani anza na mabega, kwa sababu mikono inapunguzwa, kiuno kinabanwa, lakini bega likiwa limekosea fundi atakula hela yako na halitakaa sawa. Simama pembeni ya ukuta, sogea bega mpaka liguse. Kikianza kugusa kitambaa kabla ya mkono wako, koti ni kubwa. Kama unaagiza mtandaoni jua kwamba 40 ya Uingereza na Marekani ni 50 ya Ulaya, na nguo nyingi za kutoka China zinakuja ndogo kuliko herufi iliyoandikwa, kwa hiyo usiagize kwa XL, agiza kwa sentimita za kifua na bega.

Ukishavaa usisimame tu kwenye kioo umenyooka kama askari wa gwaride. Bwana harusi wa Kitanzania anafanya mazoezi siku hiyo. Atapiga magoti altareni, atapanda na kushuka gari, ataingia ukumbini anacheza kuanzia mlangoni mpaka meza kuu na MC anamwambia bado, rudieni, atalishwa keki, atakumbatia mashangazi wote wa pande mbili. Kwa hiyo hapo hapo kwa fundi piga magoti, kaa, chuchumaa, inua mikono juu uone koti zima kama linapanda nayo. Likipanda lote, kwapa limekatwa chini sana. Rafiki yangu mmoja suruali ilimfumuka nyuma wakati wa baraka, ile ya kubana iliyokuwa na mtindo, na ikabidi kutwa nzima atembee na mpambe nyuma yake kama mlinzi. Suruali iwe na nafasi mapajani na ipande juu kiunoni, usawa wa kitovu, maana ikiwa ya chini, koti likifungwa kile kipembe cha shati jeupe kinachungulia chini ya kifungo na taksido nzima imeharibika. Mkanda wa ngozi hapana. Weka vibano vya pembeni au ile mikanda ya mabegani. Na kama unajua utavua koti wakati wa kucheza, na utavua, basi uwe na kizibao au ule mkanda mpana wa kitambaa wa kiunoni, mikunjo yake ielekee juu.

Kukodi siyo dhambi. Ila kague kola pale shingoni, satini ikishapigwa pasi ya moto bila kuwekewa kitambaa juu inabaki na alama za kung'aa ambazo hazitoki tena, na unuse kwapani, usione aibu. Chukua nguo siku tatu kabla, siyo asubuhi ya harusi, kuna jamaa alifungua begi siku yenyewe akakuta koti la mtu mwingine na duka limefungwa kwa sababu ni Jumapili.

Kwa wanaoshonesha, anza miezi mitatu kabla, na kama ndoa ni Desemba au zile wiki za mwisho kabla ya Kwaresma ongeza, kila mtu anaoa kipindi hicho na fundi mzuri ana foleni. Usimwambie tarehe ya harusi, mwambie harusi ni wiki mbili kabla ya siku yenyewe. Tunawapenda mafundi wetu ila njoo kesho zao tunazijua. Vitambaa vya wapambe vikatwe jora moja na siku moja, hata kama wawili bado hawajathibitisha, kwa sababu nyeusi ya jora hili na nyeusi ya jora lile ukiziweka pamoja kwenye picha ya kundi utaona mmoja kaja na suti ya ofisini. Na mpambe asivae taksido sawasawa na ya kwako, mbadilishie hata kola au tai, kuna shangazi huwa anapeleka bahasha kwa asiyehusika.

Tai iwe ya kipepeo ya kufunga mwenyewe kama una wiki mbili za kujifunza jioni, huna, nunua iliyofungwa tayari, isiwe tu kubwa kuliko mdomo wako. Viatu vyeusi vya kung'aa visivyo na mapambo, vaa ndani nyumbani jioni kadhaa kabla uvilainishe. Soksi nyeusi ndefu mpaka karibu na goti, kwa sababu meza kuu mtakaa masaa na wapiga picha wetu wanapenda kupiga kutokea chini.