Uliza Ukanda wa Magari: Baiskeli ziko nyuma, sasa buti utafunguaje?

SWALI: Habari za kazi. Niko Riat, Kisumu, tuna Prado 150 na watoto wawili ambao baiskeli ndio maisha yao, wikendi tukipata nafasi tunabeba baiskeli nne mpaka msitu wa Kakamega, na likizo tunafika Hell's Gate kule Naivasha manake pale unaendesha baiskeli punda milia wakiwa hapo kando. Keria ya baiskeli tuliyo nayo ni ile ya kufungwa na mikanda kwenye tairi ya spea, na saa hii mlango wa nyuma umeanza kulegea, kuufunga mpaka uuinue kidogo. Shemeji yangu ako Marekani anasema kuna keria inaingia kwenye chuma cha kuvutia trela halafu inafunguka pembeni na baiskeli zikiwa juu, unafungua buti unatoa chakula, unarudisha. Ako tayari kunitumia. Nimwambie anunue? Na barabara zetu itaziweza? – Mama wa Wawili

JIBU: Mama wa Wawili, kabla hata hatujafika kwa shemeji, hio keria ya tairi ya spea itoe leo. Bawaba za mlango wa Prado zilitengenezwa kubeba mlango na spea, basi, sasa wewe umeongeza baiskeli nne zikining'inia mbali kabisa na bawaba na kila tuta linavuta chini, ndio maana mlango umeshuka. Peleka kwa fundi akaze bawaba na aangalie kama pini zake zimeliwa, usingoje mpaka komeo likatae kushika ukiwa safarini.

Sasa hio ya kufunguka pembeni. Kwa gari lako naiunga mkono, na si kila mtu namwambia hivyo. Mwenye gari ambalo mlango wa buti unainuka juu, keria ya kawaida ya kulaza nyuma inamtosha, unavuta pini inainama na baiskeli zake na mlango unapita. Lakini mlango wako unafunguka kwa upande na umebeba spea, unahitaji nafasi pana nyuma ya gari, na keria ya kulala haikupi hio nafasi. Hii nyingine ina mkono wa chuma wenye bawaba, unachomoa pini, unafungua komeo, na mzigo wote unaenda kando kama geti. Kabla ya kutumia pesa lakini jaribu kitu kimoja cha bure: Prado nyingi za 120 na 150 kioo cha nyuma kinafunguka peke yake, na kama kinachotolewa njiani ni chapati na maji ya watoto, hicho kioo pengine kinamaliza maneno.

Kama bado unaitaka, mwambie shemeji asibonyeze kitufe cha kununua mpaka umpe vipimo. Keria za Marekani zinaingia kwenye tundu la mraba la inchi 2, na kuna zingine ndogo za inchi 1 na robo. Huku kwetu magari mengi yamewekwa chuma chenye mpira wa milimita 50, lile tufe la chuma la kushika trela, na hio keria haiwezi kukaa juu ya mpira hata ufanye nini. Toka nje uangalie lako sasa hivi. Ukiona mpira umefungwa na bolti, ni kazi ya kutengeneza tundu, na hapo ndipo watu wanaharibu.

Wanaharibu hivi. Unaenda kwa fundi wa weldi, unamwambia nataka tundu la inchi 2, anakata bomba la mraba analochongea madirisha, chuma cha milimita 2 au 3, anachomelea, anapiga rangi nyeusi, linapendeza. Tundu linalofaa linatoka kwenye bomba la inchi 2 na nusu kwa nje lenye unene wa robo inchi, yaani milimita 6 na kitu, ndio ndani ibaki inchi 2. Ndani ya bomba kuna mstari wa weldi wa kiwandani, huo unapigwa tupa mpaka uishe, la sivyo keria haiingii ama fundi anapanua tundu kwa nguvu na likipanuka hujapata keria, umepata kengele. Shimo la pini kwa tundu la inchi 2 ni milimita 16, litobolewe kwa mashine liwe duara safi, si kwa moto wa gesi. Alafu ile fremu nzima ishikwe kwa bolti kwenye chesisi, kushoto na kulia, isiwe imechomelewa kwa bampa. Ukimuona fundi anapimia bampa, muage tu kwa heshima.

Uzito sasa. Keria yenyewe ya kufunguka si nyepesi, nyingi ziko karibu kilo 25 na zingine zinapita, kwa sababu ule mkono na bawaba ni chuma kinene. Weka baiskeli mbili za wakubwa kilo 15 kila moja, za watoto tuseme kilo 10 kila moja, tayari una kama kilo 75 zinazoning'inia, na haziko karibu na bampa, ziko mbali kwa sababu ya spea. Umbali huo ndio unaokula chuma zaidi ya kilo zenyewe. Vipimo vya Wamarekani vinasema chuma cha kuvutia cha daraja la kwanza kinaruhusu mzigo wa kukandamiza chini usiozidi pauni 200, hio ni kama kilo 90, na cha daraja la tatu chenye tundu la inchi 2 mara nyingi kinaruhusu pauni 500 au zaidi. Ukipiga matuta ya Ahero na Awasi na mzigo huo, nguvu inayoshuka kwenye tundu ni zaidi ya kilo 75, kwa hivyo cha daraja la kwanza usikiguse. Soma pia kitabu cha keria, kuna watengenezaji wanaoandika wazi kwamba kwenye barabara isiyo na lami punguza baiskeli ama usiende kabisa, na kutoka lami mpaka getini kwa msitu wa Kakamega unajua mwenyewe kulivyo.

Na idadi pia iangalie. Zile za jukwaa, baiskeli inasimama kwa magurudumu yake, zikiwa za kufunguka mara nyingi zinabeba mbili, mfano RockyMounts BackStage. Za kuning'iniza kama Thule Apex Swing ndizo zinafika nne, lakini fremu ya baiskeli ya mtoto ama ya mama ile isiyo na bomba la juu hainingʼinii vizuri, inabidi ununue kibomba cha kuunganisha kiti na usukani. Ongeza hicho kwenye ile orodha ya shemeji.

Kipimo kingine, toka kwenye shimo la pini mpaka uso wa tairi ya spea, kisha ulinganishe na urefu wa shingo ya keria. Usukani wa baiskeli ukigusa spea, ikifika Chavakali utakuta umechora mpaka kwa rangi. Na uliza keria inageukia upande gani na kwa digrii ngapi, manake ikigeuka upande ule ule mlango unaofungukia na ikaishia digrii 90, mlango utafunguka nusu ukutane nayo pale, na utakuwa umelipa pesa yote hio kwa nusu mlango.

Ikishafika, kila safari kabla ya kuwasha gari shika keria juu kabisa, pale kwa usukani wa baiskeli, uitikise kwa nguvu. Gari lote linafaa litikisike nayo. Keria ikicheza peke yake na gari limetulia, kuna nafasi kwenye tundu, kaza ile bolti ya kuzuia kelele. Bawaba ya pembeni nayo ina bushi, na vumbi letu jekundu likichanganyika na grisi linakuwa msasa, kwa hivyo baada ya safari ya vumbi pangusa grisi ya zamani yote kabla ya kupaka mpya, na paka kidogo. Ukaze tena baada ya kilomita za kwanza, petroli ya kwanza mkisimama inatosha.

Lakini kitu ninachotaka usome mara mbili ni hiki, kwa sababu unakaa Riat na Riat ni mlima. Usifungue hio keria ikiwa na baiskeli juu, gari likiwa kwenye mteremko. Gari likiangalia juu, ukichomoa pini mzigo wote unakimbia kwenda chini wenyewe na hautaushika, na mtoto akiwa amesimama hapo ni habari nyingine. Gari likiangalia chini ni mbaya zaidi, unaisukuma inafunguka kwa shida, unaingiza kichwa kwa buti, na keria inarudi nyuma yako. Tafuta mahali tambarare, vuta hendibreki, watoto wasimame mbele ya gari, shika mkono wa chuma na si baiskeli, na hakikisha kile kikomeo cha kuishikilia ikiwa wazi kimelia. Keria isiyo na kikomeo cha namna hio mimi singenunua hata ikiwa nusu bei. Na kando ya barabara kuu usifungue kabisa, malori ya Busia hayana muda na wewe, ingia petroli stesheni.

Mwisho wa hili, simama mita kama kumi nyuma ya gari ikiwa imebeba uangalie namba na taa. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka namba zionekane, na usichongeshe namba ya pili mtaani ukafikiri umesaidia. Taa za breki zikifichika, nunua ubao wa taa za trela unaochomekwa kwa soketi ya nyuma.

SWALI: Mimi ni wa Nakuru, Kiamunyi. Tairi ya baiskeli ya chini imeyeyuka upande mmoja tukitoka Menengai, keria ni ya kawaida nyuma. Ni jua? – Mpanda Milima

JIBU: Si jua kaka, ni ekzosi. Bomba la moshi linatoka pale pale tairi ya baiskeli inapokaa, na ukipanda kwa gia ndogo moshi unatoka wa moto kweli. Sogeza baiskeli hio tairi isikae nyuma ya bomba, ama uinue. Angalia na rimu pia, kama ni ya kaboni usiipande tena mpaka mtu anayejua kaboni aiguse.

SWALI: Nataka kupeleka baiskeli mbili za Black Mamba kwa mzee huko Mumias, nimeazima keria ya jukwaa yenye ule mkono wa kukandamiza gurudumu la mbele. Madgadi inakataa. Nifungue madgadi? – Kijana wa Kakamega

JIBU: Usifungue madgadi ya mzee, zile skrubu zikishatoka kutu hazirudi. Mkono ule unataka kushika tairi yenyewe, ukikaa juu ya madgadi utaikunja na baiskeli itaruka kwa tuta la kwanza. Na Mamba ni nzito, mbili zinaweza kupita kile keria iliyoazimwa imeandikiwa kwa kila baiskeli, tafuta hio kibandiko kwanza. Kwa safari moja hivyo mimi ningezilaza kwa pikapu juu ya magunia, mnyororo ukiangalia juu, na kamba ya mpira mara mbili.