"Sudden" ilinyata kutokea chini, "ghafla" ilikukuta umezubaa

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mi ni mama wa watoto wawili, niko Morogoro. Juzi mwanangu wa fomu tuu karudi na daftari la insha, ameandika "all of the sudden the lights went off", mwalimu wake kaikata ile "the" na peni nyekundu mpaka karatasi imetoboka, juu yake kaweka "a". Sasa mtoto ananiuliza, mama kama inakaa na "a" si ina maana "sudden" ni kitu, kama vile "a chair"? Ni kitu gani sasa? Nikabaki nimeshika mwiko namwangalia tu. Naomba nisaidie kabla hajauliza tena.

JIBU: Marahaba mama, na huyo mtoto mpe soda. Nimefundisha kiingereza miaka na miaka na hilo swali hakuna aliyewahi kuniuliza, wote walikua wanakariri wanasonga mbele.

Ndio, ilikua kitu. Zamani "sudden" ilikua nomino kamili, yani tukio lililokuja bila hodi, na waingereza wakawa wanasema "of a sudden", "on a sudden", na sasa sikia hii, "on the sudden" pia walisema. Shakespeare katumia zote. Kwenye The Taming of the Shrew kuna mtumishi anamuuliza bosi wake hivi kweli mapenzi yanaweza kumshika mtu "of a sudden", na kwenye Antony and Cleopatra malkia analalamika kwamba wazo la kirumi limempiga Antony "on the sudden". Kwaiyo ile "the" ya mwanao si ya mtaani kama mwalimu wake anavyodhani, imetoka ukoo mzuri tu, ila leo hii mtihani unataka "all of a sudden" na aandike hivyo hivyo asibishane na msahihishaji. Mi ningempa nusu maksi lakini sio mimi ninayesahihisha.

Nomino yenyewe ilishakufa, imebaki kwenye huo msemo tu. Sisi pia tunazo za hivyo, chukua "budi", kila siku mtu anasema sina budi, hatuna budi, lakini hujawahi kusikia mtu kasema leo nina budi mbili. Mwambie mwanao "sudden" ni budi ya waingereza, ataelewa.

Na kwa vile ameshaanza kuchimba mpe na mzizi wake kabisa. Neno halikuzaliwa Uingereza, lilikuja na kifaransa cha wale Wanormani walioiteka nchi mwaka 1066, lilikua "sodein" hivi, na wafaransa mpaka leo wanasema "soudain". Nyuma ya hapo kuna kilatini, "subitus", ambayo nayo imetoka kwenye kitendo "subire", na hapo ndo utamu ulipo maana "sub" ni chini na "ire" ni kwenda. Kwenda kwa chini chini. Kunyata! Paka anavyopita chini ya kabati, tumbo linagusa sakafu, panya yuko bize na unga wake, halafu paa. Kwa panya ni ghafla, kwa paka ilikua kazi ya dakika kumi.

Hiyo "ire" unaijua vizuri kuliko unavyofikiri, iko kwenye "exit" ya mlango wa ukumbi na iko kwenye "transit". Zile gari za IT zinazotoka bandarini Dar kwenda Tunduma, ambazo watu wanapakiwa kimagendo, hiyo IT ni "in transit", kwaiyo "sudden" na gari ya IT ni ndugu wa mbali.

Kabla ya hao Wanormani, waingereza wa kale walikua na neno lao, "færlice", limetoka kwenye "fær", hatari inayokurukia bila taarifa, na ndo hiyo hiyo iliyozaa "fear" ya leo, woga. Yani kwao kitu cha ghafla na kitu cha kuogopesha kilikua kimelala kitanda kimoja.

SWALI: Assalaam aleikum Mwalimu, mimi ni msomaji wako Likoni, Mombasa. Umeeleza kwenye toleo moja kwamba "ghafla" tumetoa kwa Waarabu. Je, maana ni ile ile ya "suddenly" ama sisi tumeigeuza?

JIBU: Waaleikum salaam. Umenipeleka ninapopapenda.

Tumeigeuza, ila si sana. Kwa kiarabu "ghafla" peke yake sio ghafla, ni ile hali ya kutokua makini, kuzubaa, akili kwenda matembezi. Mtu wa hivyo ni "ghafil". Ukitaka kusema jambo limekuja bila kutegemewa unasema limekuja "ala ghafla", yani juu ya kuzubaa kwa mtu. Waliosoma Qurani waifungue Suratul Qasas, sura ya 28 aya ya 15, Nabii Musa anaingia mjini wakati wenyeji wake wameghafilika, na neno lililopo pale ni hilo hilo "ghafla". Haisemi Musa aliingia kwa kasi, inasema wenyewe hawakua na habari. Na hiyo kughafilika kwenye kiswahili tunayo bado na maana yake haijasogea, "samahani nilighafilika" si unasema ukisahau kushusha abiria kituoni?

Sasa weka hizo mbili pamoja uone. Mlatini anaposema kitu ni cha ghafla anakilaumu kile kitu, kwamba kimenyata kwa chini. Mwarabu na sisi tuliomfuata tunamlaumu aliyekua hajaangalia. Tukio ni moja ila kesi ni mbili tofauti. Nilishamsikia dereva boda mmoja kituo cha polisi anaandikisha maelezo, kofia kaikumbatia, goti linavuja damu, anasema "afande ile gari ilitokea ghafla tu mbele yangu", anajitetea kabisa, na afande anaandika taratibu herufi moja moja. Nikawa najisemea moyoni, kaka, kwa asili ya hilo neno umeshakiri kosa, umesema wewe ndo ulikua umezubaa. Bahati yake afande hakua na muda wa etimolojia.

Waswahili tukitaka kumlaumu anayekuja tunalo jingine, kushtukiza. Ziara ya kushtukiza ya mkuu wa wilaya, hapo anayebeba lawama ni mkuu, sisi tulikua tunakunywa chai kwa amani. Na wajerumani wao hawakutaka kesi na mtu, neno lao "plötzlich" limetoka kwenye mlio, "plotz", kishindo cha kitu kikidondoka. Puu! Si na sisi tunasema kaanguka puu, katumbukia chubwi? Basi wao wakauchukua ule mlio wakaufanya neno la heshima la kuandikia barua za ofisi.

SWALI: Habari za kazi Mwalimu, nasomea uuguzi huku Mwanza. Darasani tumefundishwa "abruptio placentae", na najua kiingereza "abrupt" ni ghafla. Sasa "abrupt" na "sudden" tofauti yake nini? Mwalimu wetu wa darasa alisema ni sawa tu, tuendelee.

JIBU: Nzuri mdogo wangu. Mimi nisingeendelea.

"Abrupt" ni kamba iliyokatika. "Ab" ni kutoka kwenye kitu, "rumpere" ni kuvunja au kukatika, kwaiyo "abruptus" ni kilichokatika kikaachana na mwenzake. Ndo maana huo ugonjwa ukaitwa hivyo, kondo la nyuma linabanduka kwenye ukuta wa mji wa mimba kabla mtoto hajazaliwa, na mama anaweza kupoteza damu nyingi sana. Jina halisemi tu kwamba jambo limekuja haraka, linasema kuna viwili vilivyoshikana vikaachana. Ukilikumbuka hivyo hutalisahau kwenye mtihani.

Kwaiyo "sudden" inaangalia kitu kinavyoanza, kilikua hakipo mara kipo. "Abrupt" inaangalia pale kilichokua kinaendelea kinapokatwa. Mvua ikianza bila wingu waingereza watapenda kusema "sudden", mazungumzo yakifia katikati watapenda "abrupt", japo kwenye maongezi ya kawaida wanayachanganya na dunia haisimami. Hata mtu anayejibu "sijui" afu anageuka anaitwa "abrupt", na kiswahili kimeiona picha ile ile bila kuambiwa na mlatini yeyote, tunasema kanijibu mkato. Kumkatisha mtu maneno nako ni "interrupt", ambayo ni "rumpere" na neno la katikati, unavunja katikati.

Ukitaka kuiona kwa macho nenda chini ya mkwaju uchume jani moja. Utaona vijani vidogo vimepangana viwili viwili kushoto kulia mpaka mwisho, na pale nchani hakuna kijani cha peke yake cha kufungia, mstari unakatika tu na jozi ya mwisho, kama mtu aliyeacha sentensi hewani. Wataalamu wa mimea wakiandika kiingereza jani la hivyo wanaliita "abruptly pinnate". Linganisha na jani la waridi, lenyewe lina kijani kimoja pale mwisho kimekaa kama kofia.

Familia ya hii "rumpere" ni kubwa kuliko ya mzee wa kijiji. Volkano "ina-erupt" maana inapasuka kwenda nje, watu wa Goma wanaijua hiyo, jioni ya tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipasuka watu wakakimbia na magodoro kichwani. "Bankrupt", kufilisika, ni kiitaliano cha "banca rotta", benchi lililovunjika, kwa sababu wabadilisha fedha wa zamani walikua wanakaa kwenye mabenchi sokoni. "Corrupt" nayo imo, siendelei. Ila ninayoipenda mimi ni "route". Kilatini walisema "rupta via", njia iliyopasuliwa, wafaransa wakaifupisha, waingereza wakachukua, na sisi tukaipokea kama ruti. Kwaiyo konda anayeng'ang'ania kwamba hii gari haina ruti ya Mbagala anatumia neno la ukoo mmoja na ugonjwa wako wa mji wa mimba.

SWALI: Niaje Mwalimu, penalti zikifika ile hatua ya anayekosa kaumia, watangazaji wanasema "sudden death". Nani kafa?

JIBU: Poa. Kilichokufa ni mechi, na huwa inakufa papo hapo. FIFA wenyewe jina hilo halikuwafurahisha, mwaka 1993 walipoanzisha sheria ya goli la kwanza kwenye dakika za nyongeza kumaliza mchezo walilipa jina la "golden goal" lisikae kimsiba. Mjerumani Oliver Bierhoff ndo aliifanya ikajulikana, fainali ya Euro 1996 pale Wembley, dakika ya 95, Czech wakalala. Sheria ilifutwa 2004, jina la msiba likabaki kwenye penalti.

SWALI: Mwalimu, ni "ghafla" au "ghafula"? Tumebishana kanisani.

JIBU: Zote ziko kwenye kamusi. Kiswahili hakipendi konsonanti mbili zikibanana, ndo watu wakachomeka "u" hapo katikati. Biblia ya Union Version inaandika "ghafula", angalia Matendo ya Mitume 2:2, siku ya Pentekoste, uvumi toka mbinguni ulikuja "ghafula". Magazeti ya leo yanaandika "ghafla". Aliyesema "ghafula" kanisani alikua anasoma kilichoandikwa, muombeni radhi.