Maswali Yenu kwa Kocha: Miaka 61, niongeze kilomita ama niache?

SWALI: Asalaam aleikum kocha. Mimi ni mzee wa miaka 61, nakaa Tudor hapa Mombasa, mbio nimeanza ujanani na nusu marathoni nimemaliza nyingi tu. Kila siku baada ya sala ya alfajiri natoka Tudor mpaka Mama Ngina na kurudi, mwendo uleule, sipumziki labda mvua iwe kubwa sana. Lakini siku hizi spidi imekwisha, shavu la mguu wa kulia linakaza kila nikijikaza, na saa aliyoninunulia mwanangu inapiga kelele eti moyo umevuka kipimo. Niongeze kilomita ama ndio niache nikae barazani na wenzangu?

JIBU: Waaleikum salaam babangu. Barazani nenda jioni, mbio usiache, ila kilomita usiongeze hata moja.

Shida naiona hapo ulipoandika "mwendo uleule". Kila siku, masafa yaleyale, spidi ileile. Mtu akishapita miaka 30 na kitu uwezo wa mwili kutumia oksijeni huanza kushuka, kwa wengi ni kama asilimia 10 kila miaka 10, na wanaoendelea na mazoezi ya nguvu hushuka polepole zaidi. Misuli nayo inapungua, na zinazonyauka zaidi ni zile nyuzi za spidi, zile zinazofanya kazi ukipanda mlima ama ukiikimbilia matatu. Sasa jogi ya polepole haizigusi sana hizo nyuzi, kwa hivyo unaweza kutoka kila alfajiri mwaka mzima na bado ukazidi kuzipoteza. Hili linaniuma kwa kweli, kwa sababu wazee wenye nidhamu kama yako wanavunjika moyo wakidhani ni umri tu, kumbe ni mazoezi yenyewe yanataka kubadilishwa.

Kwanza shughulikia hilo shavu la mguu, spidi ije baadaye. Shavu la mguu na kano la kisigino ndipo wakimbiaji wenye umri wanapoumia sana, maana kano likizeeka linapona polepole na halitaki kushtuliwa. Simama kwenye ngazi ya nyumba, visigino vining'inie nje, shika ukuta, panda juu kwa vidole halafu shuka taratibu ukihesabu mpaka 3. Mara 15, raundi 3, siku moja ndio siku moja la. Ikishakuwa rahisi fanya mguu mmoja mmoja, ikiwa rahisi tena vaa begi mgongoni utie mchele kilo kadhaa. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si neno, lakini kesho yake asubuhi ukiamka yamezidi basi punguza. Na angalia hapa babangu, shavu likivimba upande mmoja, likawa na moto na linauma hata umekaa, hiyo si habari ya mbio tena, inaweza kuwa damu imeganda ndani, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Siku za kukimbia ziwe 4 badala ya 7. Mbili polepole kabisa, unaweza kupiga gumzo na mwenzio bila kuhema, moja ndefu, na moja ya kasi mguu ukishatulia. Ya kasi iwe hivi, jogi dakika 15 kwanza mpaka jasho litoke, halafu dakika 1 unakazana, dakika 2 unajivuta, anza na mara 4 tu na upande taratibu mpaka 8. Usiiweke karibu na siku ndefu, mwili wa miaka 61 unadai siku 2 na hata 3 kusahau kazi ngumu, na hapo ndipo wengi wanapojiharibu maana moyo na mapafu yanasema twende, kano linasema bado.

Mara 2 kwa wiki fanya vyuma. Jimu si lazima, mtungi wa maji wa lita 20 ukijaa ni kilo 20, chuchumaa nao na kusimama, unyanyue kutoka chini mgongo ukiwa umenyooka, anza na nusu mtungi kama hujazoea. Ukiniambia nichague kitu kimoja tu mkimbiaji wa umri wako akifanye nje ya mbio, ni hiki.

Hayo mazoezi yanataka chakula. Mahamri na mbaazi ni kiamsha kinywa kizuri, ila mwili wenye umri unahitaji protini zaidi ya wa kijana ili ujenge misuli ileile. Mwanamichezo wa rika lako alenge gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya mwili, yaani mtu wa kilo 70 kama gramu 85 hadi 110 kwa siku, na zigawe usizile zote usiku. Yai moja ni kama gramu 6, kipande cha samaki cha gramu 100 ni 20 na zaidi. Ongeza mayai ama maziwa hapo asubuhi. Kama una ugonjwa wa figo, muulize daktari kwanza.

Saa ya mwanao inatoa umri wako kwenye 220 inapata 159, basi ukifika 162 inalia. Hiyo hesabu ni ya wastani tu, watu wa rika moja wanaweza kupishana mapigo 10 na zaidi. Usiogope namba peke yake. Ogopa kifua kubana, kizunguzungu, kuzimia, ama moyo kurukaruka bila mpangilio, maana waliokimbia miaka mingi sana huwa na uwezekano zaidi wa hilo la mwisho. Ukiona moja kati ya hayo simama, katafute daktari apime moyo kabla hujavaa viatu tena.

Halafu joto. Kiu inapungua na umri, na jasho nalo halipozi mwili kama zamani, kwa hivyo kipindi cha kaskazi usingoje kiu. Jipime kabla na baada ya mbio, kilo moja iliyopotea ni kama lita moja ya maji. Mnakumbuka mbio za nyika za dunia 2007 pale uwanja wa gofu, Machi hiyo, joto na unyevu vilimtoa mkimbiaji wa Ethiopia Kenenisa Bekele mbioni akiwa na miaka 24 na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Bekele huyohuyo 2024 akiwa na miaka 41 amemaliza wa pili marathoni ya London kwa saa 2:04:15. Joto letu lilimtoa akiwa kijana kabisa, babangu, usishindane nalo.

SWALI: Kocha, nina miaka 54, nakimbia ufuoni Bamburi na natumia dawa za presha. Kuna ubaya?

JIBU: Hakuna ubaya dadangu, presha ikiwa imedhibitiwa mbio zinaisaidia. Kimbia bahari ikitoa, mchanga ukiwa mgumu, na urudi njia ileile maana ufuo umeinama na mguu mmoja unabeba zaidi. Muulize daktari dawa zako ni za aina gani. Zile za kukojoza zinakausha maji na chumvi, na kwa joto letu hilo ni jambo. Nyingine zinazuia moyo kwenda mbio, kwa hivyo pima bidii kwa pumzi, usipime kwa saa. Usiziache wala kuruka dozi kwa ajili ya mazoezi. Na goti likiuma usimeze brufeni ama diklofenaki hivihivi za dukani, zinapandisha presha na zikichanganyika na baadhi ya dawa za presha huku umekaukiwa maji, figo ndizo zinazoumia. Muoneshe mfamasia dawa zako zote kwanza.