Maswali ya Wasomaji: Bisibisi Ipi Inakaa Vizuri Mkononi?

Toleo lililopita niliandika mistari michache tu kwamba mpini wa bisibisi ndo unaamua nguvu yako ifike kwenye skrubu au iishie kiganjani, basi meseji zimemiminika kutoka Mwanza nzima mpaka visiwani. Nimechukua nne, ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu naona mafundi wengi wa huku ziwani linawahusu.

*SWALI: Shikamoo fundi. Mi natengeneza mashine za boti hapa Mwaloni Kirumba, nyingi ni Yamaha. Mikono muda wote ina oili na petroli, bisibisi inazunguka mkononi afu skrubu imetulia palepale, zile za kabureta ndo zinalika kichwa kabisa. Mmoja kaniambia ninunue Wera, mwingine PB ya Uswisi, mwingine anasema Vessel ya Kijapani. Hela yangu ni ya kununua moja moja sio seti, nianze na ipi?*

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hapo una shida mbili zimeingiliana na ukitibu moja utaona nyingine bado inakusumbua, kwa hiyo tuzitenganishe.

Ya kulika kichwa mara nyingi wala sio mpini, ni ncha. Mashine ya Kijapani, hasa zile za zamani kidogo, skrubu zake za nyota hazijachongwa sawa na nyota ya kawaida ya Phillips tunayoizoea madukani, zina kipimo cha kwao kinaitwa JIS. Ukiangalia kichwa cha skrubu vizuri, futa oili kwanza, nyingi utakuta zina kidoti kimoja kidogo pembeni ya msalaba. Ukiingiza bisibisi ya Phillips humo inagota kabla haijafika chini, yaani mabawa ya ncha yanashika juu juu tu, ukizungusha kwa nguvu inapanda na kuruka nje na kila ikiruka inakwangua. Ncha ya JIS inazama mpaka mwisho na inatulia. Na uzuri wake ni kwamba ya JIS ukiitumia kwenye skrubu ya Phillips inafanya kazi vizuri tu, ila kinyume chake ndo balaa. Kwa hiyo kwa mtu wa Yamaha jibu langu ni Vessel, hao ni wa Osaka na wapo kwenye kazi hii tangu 1916. Anza na ncha ya saizi namba 2, hiyo ndo itakayokula kazi nyingi, baadae ongeza namba 3 kwa zile skrubu nene.

Sasa mpini. Vessel wana ule wa duara kama tunda, unaitwa Ball Grip, namba yake 220, kitako chake kinajaa katikati ya kiganja kwa hiyo unaweza kusukuma kwa uzito wa bega zima huku vidole vinazungusha. Na kwa skrubu iliyogoma kusukuma ndo muhimu zaidi, watu wengi wanakazana kuzungusha wakati ncha haijakandamizwa, hapo lazima iruke. Shika hivi: kitako cha mpini kikae katikati ya kiganja, kifundo cha mkono kinyooke na mkono wa mbele usipinde, sukuma kwanza, ukisikia imekaa ndo uanze kuzungusha taratibu.

Wera ya Ujerumani mpini wao wanauita Kraftform, umevimba nyuma umebanwa kiunoni, na juu yake kuna sehemu ngumu na sehemu laini zimepishana. Hiyo sio urembo. Ile laini inashika ngozi wakati unakaza, ile ngumu inakuruhusu kuteleza haraka unaporudisha mkono ushike upya. Kwa mkono mkavu au wenye jasho sijaona unaoushinda kwa nguvu ya kuzungusha, na mkono mkubwa unaupenda sana. PB Swiss Tools wa Wasen kule Emmental wao wana mpini wa zamani wa plastiki ngumu, mwembamba zaidi, unazunguka fasta kwenye vidole na plastiki yake inavumilia sana oili na petroli. Kwa mkono wenye oili nyingi ule mgumu unaweza kuteleza, lakini unafuta na kitambaa mara moja unakuwa msafi, wakati mpini wa raba laini ukishinda kwenye petroli kila siku unaanza kunata na kuvimba. Kwa hiyo hata ukinunua wenye raba usiuache umelala kwenye kopo la petroli na spana zako, futa kila ukimaliza, na kitambaa kikavu kiwe mfukoni muda wote, kitakusaidia kuliko kubadilisha kampuni.

Kwa zile zilizoshikana na kutu kabisa, Vessel hao hao wana moja inaitwa Impacta, ukiigonga kitako kwa nyundo ncha inajizungusha yenyewe digrii 12 kwenda kufungua. Skrubu ya kabureta iliyokaa miaka huwa inaachia hapo, gonga kiasi tu kwa sababu kabureta ni aluminiamu. Bisibisi za kawaida usizigonge hata siku moja, mpini unapasuka, isipokuwa zile ambazo chuma chake kimepita moja kwa moja mpaka kwenye kitako.

*SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi ni dada nafanya wayaringi za nyumba huku Buhongwa na Nyegezi, mikono yangu midogo. Nikifunga ubao wa breka siku nzima jioni kifundo kinauma mpaka kushika kijiko shida. Na kila fundi ananiambia chukua mpini mnene ndo una nguvu. Ni kweli?*

JIBU: Nzuri dada yangu, na pole kwa maumivu, usiyachukulie poa. Ni kweli nusu. Mpini mnene unakupa nguvu zaidi ya kuzungusha kwa sababu unashika mbali na katikati, lakini hiyo ni kama vidole vyako vinaweza kuuzunguka. Ukiwa mnene kuliko mkono, vidole havifungi, unabana kwa nguvu zote ili tu usiteleze, na kule kubana ndo kunakoumiza kifundo. Ushike, kidole gumba kikikaribia kugusa cha kati basi huo ni wako. Kati ya za Kijerumani mimi kwa mkono mdogo napendelea Wiha kuliko Wera, mpini wake hauna uvimbe mkubwa na unabadilisha mkono kirahisi.

Afu angalia skrubu za breka zako, nyingi zina msalaba na mfereji kwa pamoja. Ukitumia bapa inateleza pembeni, ukitumia nyota ya kawaida inacheza. Kuna ncha maalumu iliyochanganya zote mbili, Wiha wanaiita PlusMinus, Wera nao wanayo, ukiipata unakaza kwa nguvu ndogo zaidi na kifundo kitakushukuru. Chukua ile yenye shafti nyembamba hata kwenye plastiki yake ya juu, maana zile nene haziingii kwenye mashimo ya breka.

Na kwa kazi yako iwe na alama ya pembetatu mbili na maandishi 1000 V, yaani kiwango cha kimataifa cha zana za umeme kinachoitwa IEC 60900, za namna hiyo za kweli kila moja inajaribiwa kwa volti 10,000 kabla haijatoka kiwandani. Umeme wa nyumbani kwetu ni 230 lakini zima swichi kubwa na pima na testa kwanza, plastiki ni kinga ya ajali, sio ruhusa ya kufanya kazi umeme ukiwa unapita. Ikichubuka tu mpaka rangi ya ndani ionekane, iweke pembeni isitumike kwa umeme tena.

*SWALI: Fundi mimi ni seremala Mkolani. Dukani hawaruhusu kufungua pakiti, nitajuaje bisibisi ni nzuri?*

JIBU: Tafuta duka lingine kaka, hili sio la kubahatisha. Mjini wapo wanaoruhusu. Nenda na skrubu zako mfukoni, zile zile unazotumia kwenye kabati, chomeka ncha afu ishike imelala, skrubu nzuri na ncha nzuri itabaki imeshikilia kidogo bila kucheza hata kama haina sumaku. Halafu nenda kanawe mikono, usiifute, uushike mpini ukiwa umelowa na ujaribu kuuzungusha mtu mwingine akiwa ameshika shafti. Ukiteleza hapo jua kwenye jasho la saa nane mchana utateleza zaidi. Angalia pia kama pale shafti inapoingia kwenye mpini kuna nati, ile ni ya kuweka spana ukihitaji nguvu ya ziada, kwa seremala ni msaada mkubwa. Na kwa ajili ya PB tu, kila moja ina namba yake kwenye shafti, kama haina achana nayo.

*SWALI: Shikamoo. Nimerithi sanduku la bisibisi za marehemu baba, Nansio Ukerewe, nzuri kabisa ila mipini inanuka kama matapishi na ina unga mweupe. Nizitupe?*

JIBU: Marahaba mwanangu, pole kwa msiba, na usizitupe kabisa! Mipini mingi ya zamani, ile ya plastiki inayopitisha mwanga, imetengenezwa kwa plastiki inayoitwa selulosi asetati butirati, na ikikaa miaka kwenye sanduku lililofungwa, hasa penye joto na unyevu kama huko kisiwani, inatoa asidi ya butiriki, ndo hiyo hiyo iliyomo kwenye matapishi na siagi iliyochacha. Chuma chenyewe hakijaharibika. Osha mipini kwa maji ya uvuguvugu na sabuni na brashi ya meno mpaka unga utoke, kausha vizuri chuma kisipate kutu, pitisha kitambaa chenye oili kidogo kwenye shafti, afu zianike kivulini penye upepo siku kadhaa. Usiguse plastiki hiyo na thina wala asetoni, itayeyuka. Ukimaliza usizirudishe kwenye sanduku la kufungwa, zitundike ukutani, zikikosa hewa harufu inarudi.