Kuhifadhi hadithi za bibi kwa Mashi

Dada, umeuliza utahifadhi vipi hadithi za bibi yenu wa Kadutu, hapa Bukavu, Kongo, maana anazisimulia kwa Mashi, lugha ya Bashi wa Kivu Kusini, na wajukuu wanajua Kiswahili na Kifaransa tu. Mrekodi kwa Mashi hivyo hivyo. Ukimlazimisha Kiswahili, methali na nyimbo zinapotea njiani.

Chagua asubuhi isiyo na mvua: mabati yakipigwa, sauti yote inazama. Weka simu juu ya kitenge kilichokunjwa, sentimita 30 hivi kutoka mdomoni, katika hali ya ndege, kwani simu ikiingia inaweza kukata rekodi. Jaribu sekunde 10, usikilize, ndipo uanze. Dakika 40 zinatosha. Mzee akichoka anafupisha.

Usimuulize "mwaka gani?" Muulize: kabla ya uhuru wa 1960 au baada? Wakati mamluki wa kizungu walipoteka Bukavu, 1967, mlikimbilia wapi? Hapo kumbukumbu inafunguka yenyewe.

Siku hiyo hiyo andika majina ya watu na vilima. Yakisubiri, hakuna wa kuyasahihisha. Kwenye WhatsApp tuma faili kama hati, na nakala moja ikae kwa ndugu aliye mji mwingine. Na muulize bibi yapi yasitoke nje ya ukoo.