Pua inatoka damu tangu nihamie kwenye baridi, nitazoea lini?

SWALI: Shikamoo dokta. Nimetoka nchi ya joto nimehamia sehemu ya baridi kali, sasa kila asubuhi nikipenga naona damu, midomo imepasuka, na usiku miguu inawasha najikuna mpaka nachubuka. Maji nakunywa mpaka basi. Ninayekaa naye anasema damu yangu bado nyepesi, nisubiri izoee. Nitazoea lini?

JIBU: Marahaba. Damu yako haina kosa, na ukisubiri izoee utasubiri mpaka msimu wa baridi uishe. Joto ndo mwili unalizoea kweli, wiki moja mbili hivi jasho linaanza kutoka mapema na chumvi inayopotea nayo inapungua, ila kwa baridi hauna ujanja mkubwa hivyo, watu wengi wanachozoea ni kuvaa tu. Na wewe kinachokutesa sanasana sio baridi ya nje, ni hewa ya humo chumbani.

Iko hivi, hewa ya baridi haibebi maji mengi. Kwenye nyuzi 0 hata ikijaa kabisa inabeba kama gramu 5 za mvuke kwa mita moja ya ujazo, sasa hewa hiyohiyo inaingia ndani hita inaipasha mpaka nyuzi 22, na hapo ingeweza kubeba karibu gramu 19, lakini maji hayajaongezeka hata tone, kwa hiyo unyevu wa chumba unashuka mpaka asilimia 25 hivi. Nje ikiwa chini ya sifuri ndo balaa zaidi. Hewa ya namna hiyo inanyonya maji popote inapoyakuta, na wewe umelala hapo usiku kucha unaivuta. Ndani ya pua, kwenye ule ukuta unaogawa matundu mawili, karibu na mlango, kuna vimishipa vimekaa juujuu tu. Utando ukikauka unafanya gamba, ukipenga linabanduka na kimshipa kinapasuka.

Maji ya kunywa endelea nayo ila yasikupe matumaini sana, ngozi ya juu kabisa inakaushwa na hewa hata kama umekunywa ndoo (na baridi yenyewe inakukojoza zaidi, utakuwa umeshaona).

Kwa hiyo anza na chumba. Tafuta kipima unyevu kile kidogo cha kuweka mezani, kikisoma chini ya 30 weka mashine ya kuongeza unyevu, lenga 40 mpaka 50, maji yake badilisha kila siku na uisafishe. Ukiamka ukakuta madirisha yanatiririka maji ujue umezidisha, punguza, maana kuta zitaota ukungu. Kama mashine huna, anika nguo ulizofua humohumo ndani na usiku shusha hita digrii mbili tatu. Ila jiko la mkaa usithubutu kuliingiza ndani, iwe kuchemshia maji au kuota moto, gesi yake haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini.

Halafu hayo maji ya moto unayoogea, najua ni matamu ukitoka nje, lakini ndo yanamaliza mafuta ya ngozi. Oga ya uvuguvugu, dakika 5 mpaka 10, sabuni makwapani na panapohitaji tu, jifute kwa kugusagusa na ngozi ikiwa bado mbichimbichi paka mafuta ya mgando. Losheni nyepesi huko haifui dafu. Puani tumia dawa ya kupuliza ya maji chumvi ya famasi, na kabla ya kulala gusisha mafuta ya mgando kidogo sana mlangoni.

Damu ikianza kutoka kaa, inamia mbele, sio kurudisha kichwa nyuma, bana sehemu laini ya pua dakika 10 mpaka 15 bila kuachia kuchungulia. Ikipita nusu saa haijakata, au kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, nenda hospitali usiku huohuo.